Makofi ya Lipingo

Jamani, nimechoka kuulizwa. Tangu nirudi Matiri siwezi kutoka darasani kwenda ofisini bila mtu kunivuta pembeni: "Eti Mwalimu Eliya, ni kweli?" Mmoja kasikia nilipigwa makasia. Mwingine kasikia nimegeuzwa bwana samaki. Mpishi wetu wa shule ana hakika kwamba nilizama ziwani nikaokolewa na baba mkwe, na anasimulia huku akijifuta machozi. Sasa nimeamua kuyaandika yote. Someni kwa zamu, kisha mniache nisahihishe madaftari.

Dorika mnamjua, mwalimu wetu wa darasa la tatu. Msichokijua ni jinsi baba yake alivyo. Mzee Stefano ni mvuvi wa huko upande wa Lipingo, mzee wa kanisa la Anglikana, na kabla yangu alikwisha kukataa wachumba wawili. Wa kwanza alimwamkia akiwa amekaa. Wa pili alikuwa mtu safi mwenye baiskeli, lakini alipopita kwenye vichanja vya kuanikia dagaa alitoa leso akaziba pua. Dorika alinieleza haya siku aliyoondoka kwenda likizo. "Baba akikataa amekataa," alisema. "Na mimi sitamvunjia baba heshima, Eliya. Nakwambia mapema." Kwa hiyo niliondoka nikijua kwamba kosa dogo tu lingeniondolea mke. Nami nampenda Dorika. Nimeandika, na wino umekauka.

Wazee wangu wako Mpwapwa, mbali mno kuwaita. Mshenga wangu akawa jirani yetu Mzee Nikolausi, mkulima wa kahawa, Mmatengo wa milimani ambaye hajawahi kuingia kwenye maji yanayopita magoti.

Matiri hadi Mbinga

Tuliondoka alfajiri na zawadi zetu: jogoo, kikapu cha maharage na debe dogo la kahawa. Njia nzima Mzee Nikolausi alinifunda.

"Ukifika kwa wakwe, wewe huna mdomo. Mdomo wako ni mimi."

"Wakiniuliza jina langu?"

"Nitawatajia."

"Na nikiumwa tumbo?"

"Nitaumwa mimi. Wewe kaa kimya, tazama chini, kula kidogo. Mchumba anayejisemea mwenyewe mbele ya wakwe, huyo hana wazee."

Mbinga tulifika jua limeshachomoza. Lori la kwenda ziwani linapakilia wapi? Kila tuliyemuuliza alinyoosha kidole upande wake. Basi tukamwona bwana mmoja amesimama kando ya mlango wa duka, ametulia, uso wake ni wa mtu anayejua mambo. Mzee Nikolausi akasimama nyuma yake. Mimi nikasimama nyuma ya Mzee Nikolausi. Mama mmoja akaja akasimama nyuma yangu bila kuuliza chochote, na nyuma yake wakaja wengine, hata foleni ikakunja kona ya duka ikaenda kuishia sokoni.

"Ni sukari?" mtu aliuliza huko nyuma.

"Sukari na sabuni," mwingine akamjibu, sijui kaitoa wapi. Habari hiyo ikatufikia sisi tuliotangulia, na mimi mwenyewe, mwalimu mzima, nikaanza kuhesabu nitanunua kilo ngapi.

Mlango ukafunguliwa. Akatoka fundi viatu. Alimpa yule bwana kiatu chake kilichotiwa soli mpya, yule bwana akakivaa, akakanyaga chini kukijaribu, akaenda zake. Muda wote huo alikuwa mguu mmoja peku na hakuna aliyeangalia chini.

Mngedhani watu wangetawanyika. Wapi! Walisogea mbele hatua moja. Fundi akamtazama Mzee Nikolausi: "Lete kiatu." Mzee akageuka akaona umati wote ule unamngojea. Akavua kiatu chake kizima kabisa, akakitoa.

"Kina nini?" fundi akauliza.

"Kitazame tu," Mzee akasema kwa unyonge.

Fundi akakigongea msumari mmoja ambao unamchoma mpaka leo. Tulipotoka pale, mama aliyekuwa nyuma yangu alikuwa amekwisha kuvua ndala zake.

Mteremkoni

Lori tulilipata kwa kukimbia, kwani lilikuwa limepakilia nyuma ya soko muda wote tuliokuwa kwenye foleni. Lilikuwa lori la kupandisha samaki. Siku hiyo lilikuwa linarudi ziwani na magunia ya mahindi, na juu ya mahindi wamerusha matenga matupu yaliyoletewa samaki. Abiria tulikaa juu ya hayo matenga. Mimi la kwangu lilikatika kitako nikazama ndani hadi kwapani, na hivyo ndivyo nilivyosafiri, nikinuka kama shehena. Suti yangu ya kaki, ile mliyonisifia, ilinywa harufu yote.

Tulipofika juu ya mteremko tukaliona ziwa huko chini, jeupe kwa jua, halina mwisho. Dereva akasimamisha gari akaingia vichakani upande wa kulia. Utingo alikuwa amelala mbele. Mama mmoja mnene aliyekuwa karibu na ubao wa nyuma akafanya ishara ya msalaba, akashuka taratibu, akaishia vichakani upande wa kushoto.

Baba aliyekuwa kando yake akaangalia mteremko, akaangalia pale mama alipokuwa amekaa, naye akashuka. Mkewe akamfuata. "Kuna nini?" watu wakaulizana. "Breki," mtu akasema. Basi! Lilipotajwa neno breki, watu walimwagika kutoka kwenye lile lori utadhani limeshika moto. Mzee Nikolausi alinivuta kwenye tenga kwa kola ya shati. "Toka, Mwalimu! Utakufa na maharage ya watu!"

Mizigo yetu ilibaki juu. Dereva akarudi kutoka kulia kwake, hakuangalia nyuma, akapanda, akaondoka. Tulipiga kelele na kupunga mikono. Naye, mtu mwungwana, akatupigia honi ya kutuaga.

Ndipo yule mama akatokea kushoto akifunga khanga vizuri. "Gari liko wapi?"

"Si wewe uliyeshuka kwa ajili ya breki?"

"Breki gani? Nilikwenda haja."

"Na msalaba ulifanya wa nini?"

"Jamani, kwa unene huu, nikishuka garini namtanguliza Mungu."

Tukateremka kwa miguu, umati mzima, kila mmoja amemkasirikia mwenzake. Mzee Nikolausi na msumari wake alichechemea mbele yangu akinung'unika Kimatengo, lugha ambayo siijui, lakini jina langu nililisikia mara nyingi. Nyumba za kwanza tulizokuta, watu walitukaribisha mihogo ya kuchoma bila kutuuliza tumetoka wapi. Waliona tu watu wengi wanatembea kwa huzuni, wakadhani tunatoka msibani, nao wakatupa pole. Sisi tukazipokea. Kueleza ukweli kulikuwa kugumu zaidi.

Mbamba Bay na majini

Lori tulilikuta Mbamba Bay, na dereva amefura. "Abiria gani nyie? Nimefika na jogoo tu!" Kweli, jogoo wetu alikuwa mbele kwenye kiti, amefungwa mguu. Tulilala hapo kwa mjomba wake yule mama mnene, ambaye sasa alikuwa rafiki yetu. Tuliandaliwa ugali wa muhogo na mbasa, na samaki huyo, jamani, sitamsifu hapa kwa sababu mtanituma nirudi kumfuata. Ila Mzee Nikolausi amezoea ugali wa mahindi. Ule wa muhogo unavutika. Alimega, ukavutika, akavuta tena, ukamfuata hadi mdomoni. Mwenyeji akaona mzee anavyohangaika na ugali kwa juhudi, akadhani ameupenda sana, akamwongezea mwingine.

Asubuhi tukapanda mtumbwi. Mimi mtu wa Mpwapwa, maji kwetu ni ya kuteka kwa kata chini ya korongo, nilikaa nimeng'ang'ania kingo hadi vidole vikafa ganzi. Mzee Nikolausi alikaa chini kabisa kwenye sakafu ya mtumbwi, jogoo mapajani, macho amefumba. Mpiga kasia akamuuliza kwa upole, "Baba, unaomba?"

"Nasali rozari."

"Rozari iko wapi?"

"Nahesabu kwa kucha za jogoo. Piga kasia wewe!"

Mkutanoni

Sasa ndugu zangu, tulieni, maana hapa ndipo mambo yalipoharibika.

Tulishuka ufukweni tukiwa na njaa, shati langu limekauka na chumvi ya jasho, na harufu ya lile tenga bado ninayo. Kijiji kilikuwa kitupu. Bibi mmoja akatuambia kila mtu yuko mkutanoni, hata Mzee Stefano, twende tu. Tukaenda. Watu walijaa uwanja wa shule, wanaume kwenye magogo, wanawake chini na watoto wao. Tukakaa nyuma kabisa, Mzee Nikolausi upande wangu huu, na babu mmoja asiyeona vizuri upande wa pili. "Shikamoo babu," nikanong'ona. "Marahaba. Wewe ni mvuvi?" akanijibu akinusa.

Dorika nilimwona kati ya wanawake. Alinitazama mara moja akainamisha macho. Baba yake alikuwa mbele, mzee mrefu mkavu, amekunja mikono.

Mwenyekiti wa kijiji, kijana wa sauti kubwa, alikuwa anamalizia hoja. Nilichokielewa ni hiki. Kijiji chao ni kipya, cha ujamaa, na wana kikundi cha uvuvi. Kikundi kina watu, kina mtumbwi, hakina wavu wa maana. Wavu mkubwa wa kukokota, unaozunguka ghuba yote, ni mmoja tu hapo, nao ni wa Mzee Stefano. Aliufuma mwenyewe, fundo kwa fundo, masika mawili, baada ya kuumwa mgongo akashindwa kwenda mbali. Mwenyekiti alikuwa anaomba wavu huo uingie kwenye kikundi. Mzee hakutaka. Shauri hilo lilikuwa limekwama tangu kabla ya mavuno.

"Sitamlazimisha mtu," Mwenyekiti akasema. "Leo ni siku ya mwisho ya kulizungumza. Wanaokubali wavu uwe wa kijiji, wapige makofi. Tusiposikia makofi, tumeliacha."

Kimya. Nusu ya watu ni shemeji na wapwa wa Mzee Stefano. Nusu nyingine wanapewa naye samaki wakati wa shida. Ungewaona wanavyotazama vidole vya miguu yao! Nilisoma kwenye nyuso zao kwamba wengi wanautaka ule wavu, ila hakuna aliyetaka mikono yake iwe ya kwanza. Mzee Stefano akaanza kukunjua mikono yake pole pole, kama mtu aliyeshinda.

Wakati huo huo nzi akaja. Kwa nini asije? Mimi nilikuwa nanuka kuliko kichanja. Alitua puani, nikatikisa kichwa. Akatua mdomoni, nikapuliza. Akazunguka mbele ya macho yangu kwa dharau kabisa, nikampiga kati ya viganja vyangu. Paa! Nikamkosa. Paa! Nikamkosa tena. Paa!

Yule babu asiyeona vizuri akashtuka kutoka usingizini akapiga makofi. Jirani yake akamwona babu, akapiga. Gogo zima likapiga. Yakasogea mbele mstari kwa mstari, na kila mstari uliyapiga kwa nguvu kuliko ule wa nyuma yake, kwa furaha ya watu waliotuliwa mzigo. Wanawake wakadakia. Mkewe Mzee Stefano mwenyewe alipiga. Baadaye alisema alidhani kuna mgeni mkubwa amefika. Nikageuka kwa Mzee Nikolausi aniokoe. Alikuwa anapiga makofi juu ya kichwa chake, uso unang'aa.

"Mzee! Unashangilia nini?"

"Sijui! Si wewe ulianza? Nikajua umeelewa!"

Na niliyoyaona kwa macho yangu ndiyo haya: hata viganja vya Mzee Stefano viligongana, mara moja, kabla hajavishtukia na kuvificha kwapani. Mwenyekiti naye aliona. "Na mwenyewe amekubali!" akapiga kelele, na makofi yakaanza upya.

Mzee Stefano akasimama. Hakumtazama Mwenyekiti. Aliyafuata yale makofi kwa macho, kurudi nyuma mstari hadi mstari, hadi akafika kwangu. Nilitaka kusema. Naapa nilifungua mdomo. Mzee Nikolausi akaniziba kwa kiganja chake.

"Huna mdomo," akaniambia.

Nyumbani kwa Mzee Stefano

Tulikaribishwa vizuri, maana huko ustaarabu hauvunjwi kwa sababu ya hasira. Mikeka ilitandikwa. Zawadi zilipokelewa. Jogoo peke yake ndiye aliyezungumza kwa uhuru.

Mzee Stefano alikaa amemtazama mshenga wangu, mimi hanioni. "Muulize mtu wako," akasema, "anaufahamu wavu wangu?"

"Haufahamu," akajibu Mzee Nikolausi.

"Amewahi kuvua?"

"Kwao hakuna maji."

"Basi muulize alikuwa anapiga makofi ya nini."

Mzee Nikolausi alikohoa. Alijiweka sawa. Nilimwona anatafuta maneno mazuri, nami nikaomba moyoni ayapate. "Baba," akasema, "ilikuwa ni nzi."

"Nzi?"

"Nzi wa hapa kwenu. Ni wengi."

Ah! Mama mkwe alikuwa anapita na sufuria, akasimama. "Kwetu kuna nzi?" akauliza kwa sauti ndogo, na Mzee Nikolausi, badala ya kunyamaza, akaanza kueleza kwamba nzi wenyewe si wachafu, ni wakubwa tu na wana afya.

Dorika akaja kutunawisha mikono. Aliinama mbele yangu na birika, na maji yakimwagika akaninong'oneza, "Umefanya nini, Eliya?"

"Nzi," nikanong'ona.

"Nzi gani? Unajua wavu ule ni nini kwa baba? Alipougua mgongo alikuwa halali. Wavu ndio ulimrudisha." Nikaona ananawisha mkono wangu uleule mara ya pili. Hapo ndipo kicheko chote kiliponitoka moyoni. Nilikuwa nimekuja kumwomba mtu binti yake, na kabla hata sijamwamkia nimesaidia kumnyang'anya kitu alichokifanya kwa mikono yake alipokuwa mgonjwa. Nilitamani kumwangukia miguuni. Lakini hata kuomba radhi ni kazi ya mshenga, na mshenga alikuwa bado kwenye afya ya nzi.

Mzee Stefano aliinua mkono. "Imetosha. Mtu wako hanuki vibaya, nakiri. Ananuka kama watu. Ila jibu lenu nitalitoa kesho. Asubuhi Mwenyekiti anataka wavu uvutwe na kijiji kizima. Nataka nimwone huyo mpiga makofi akivuta alichokipitisha."

Ufukweni

Asubuhi kijiji kizima kilikuwa ufukweni. Mtumbwi ulikuwa umeshauzungusha wavu ghubani na kurudisha ncha, kamba mbili zimelala mchangani zinawangoja watu. Mzee Stefano alikaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa, mbali kidogo, amewapa mgongo. Mwenyekiti akahutubia. Akasema haya, tuvute. Hakuna aliyevuta. Yaleyale ya jana! Kila mtu alimtazama mzee, kisha akaitazama kamba, kisha akakumbuka ana mwiba mguuni.

Mzee Nikolausi akanisukuma. "Nenda. Mikono haijakatazwa kusema."

Nikaenda. Nilikuwa nimeazimia kwamba kama nakataliwa, nikataliwe nikiwa nimefanya nilichoamriwa. Tatizo ni kwamba mimi kitu pekee nilichowahi kuvuta kwa kamba ni maksai mbishi wa baba yangu. Maksai huvutwa hivi: unazungusha kamba kiunoni, unampa mgongo, unainama, unatembea usigeuke nyuma. Basi nikazungusha kamba kiunoni, nikalipa ziwa mgongo, nikainama, nikaanza kuelekea mlimani.

Nilisikia uzito unapungua. Nikajua wamekuja kunisaidia, nikafurahi. Nilipochungulia pembeni, nikaona jambo ambalo sitalisahau. Wavuvi wale, watu waliovuta wavu tangu hawajaota meno, wote wamezungusha kamba viunoni, wamelipa ziwa mgongo, wameinama kama mimi. Kamba ya pili nayo vilevile, wanaume kwa wanawake. Kijiji kizima kinatembea kuelekea mlimani na hakuna anayetazama maji.

"Ndiyo utaratibu mpya?" mmoja alimuuliza mwenzake nyuma yangu.

"Ndiyo. Mwalimu ameletwa nao."

"Ni mgumu."

"Mambo ya serikali, utazoea."

Kisha nikasikia ukelele. Mzee Stefano alikuwa amegeuka. "Mnafanya nini! Mnafanya nini nyie! Wavu unapanda! Samaki wanapita chini!" Aliruka kutoka pale alipokaa, yule mgonjwa wa mgongo, akaja mbio huku kofia imeanguka. "Geukeni! Shusheni kamba! Chini, chini kabisa! Nani kawafundisha upumbavu huu?" Wote walinyoosha vidole upande mmoja. Akanifikia. Akanifungua ile kamba kiunoni kwa mikono yake, akanigeuza kwa mabega kama mtoto, akaniwekea viganja kwenye kamba. "Hivi. Miguu hivi. Utazame maji, mwanangu, maji ndiyo yanakuambia." Akashika kamba mbele yangu, akavuta.

Wa nyuma yangu wakageuka, kisha wa nyuma yao. Mzee akaanzisha wimbo wa kuvutia, wenzangu wa kamba yetu wakaupokea, wa kamba ya pili wakaitika. Mchanga ulitetemeka. Nami nilivuta, nikilia kidogo, sikujua ni jasho au ni lile neno mwanangu.

Mzee alikuwa kila mahali. Mara kamba hii, mara ile, mara yumo majini hadi kifuani anakanyaga wavu chini usiinuke. Samaki walipoanza kurukaruka pembeni mwa wavu alicheka kwa sauti. "Tazama mikono!" alimwambia Mwenyekiti. "Mimi nilikuwa nabembeleza shemeji zangu, mmoja anaumwa, mwingine amelala. Tazama mikono yote hii!" Halafu akakumbuka kwamba amekasirika, akakunja uso. "Lakini wavu wenu hamjui kuutunza. Mtausugua kwenye mawe. Bila mimi utakwisha kabla ya masika."

"Basi uwe mkubwa wa wavu, Baba," Mwenyekiti akasema haraka.

"Nani mwingine angekuwa?" mzee akajibu. Akapiga magoti mchangani akaanza kupitisha mafundo vidoleni, moja moja, akitafuta palipokatika. Alikaa hivyo muda mrefu. Hakuna aliyemharakisha.

Alipoinuka akamwendea Mzee Nikolausi. "Mtu wako hajui kuvuta."

"Hajui, baba."

"Na hajui kupiga makofi."

"Hajui kabisa."

"Ila akianza jambo watu wanamfuata, hata liwe la kijinga. Hilo linanitisha." Akageuka kuwatafuta wanawake waliokuwa wanachagua samaki. Kwao, kama kwetu, binti huulizwa nyumbani, mbele ya wazee wachache, kama anawafahamu wageni waliokuja; akisema anawafahamu, amekubali kuolewa. Mzee hakungoja kufika nyumbani. "Dorika! Unamfahamu mtu huyu?"

Dorika alisimama na tenga kiunoni, gauni limelowa, magamba mikononi. Alinitazama nilivyokuwa, matope hadi kwenye nyusi, alama ya kamba imenizunguka tumbo.

"Namfahamu, baba," akasema.

"Nakuuliza vizuri. Unamfahamu kweli, au—"

Hakumaliza. Mama yake Dorika, ambaye tangu jana hakuwa amenisemesha, alitupa chini samaki aliyemshika, akaweka mkono mdomoni, akapiga kigelegele. Mama aliyekuwa kando yake akapiga. Kikaenda kwa wale wa kamba ya pili, kikapanda hadi kwenye vichanja, kikaingia majumbani kwa vizee waliobaki ndani ambao hawakujua hata ni cha nini, nao wakapiga. Wanaume wakaanza kunipa mikono. Mtu akaniinua. Mzee Nikolausi alikuwa anacheza kwa mguu mmoja.

"Ngojeni!" Mzee Stefano alipiga kelele katikati yao. "Sijasema! Nimeuliza tu! Mimi bado sijakubali!" Baada ya hapo tuliuona mdomo tu ukifunguka na kufungika. Sauti haikusikika.

Alizunguka akiwatazama wote, mkewe, shemeji zake, Mwenyekiti, kijiji kizima kinachoshangilia jambo ambalo hajalitamka. Akashusha pumzi. Akamshika Mzee Nikolausi mkono, akamvuta hadi kwenye ule mtumbwi uliopinduliwa, akamkalisha.

"Keti hapa tuzungumze mahari sasa hivi," akamwambia sikioni. "Tukingoja mpaka jioni, hawa watatupitishia na hiyo."